Watu Wasio na Miguu

Walioninyima ukuta ni wanne, na nitawataja mmoja mmoja. Majina nitayaacha, kwa sababu wawili wameshakufa na mmoja bado ananiuzia rangi, lakini wakisomewa haya watajijua. Wa kwanza ni mwenye bucha wa Uthiru. Wa pili ni mzee wa Kihindi mwenye duka la rangi mjini. Wa tatu ni mama wa galari. Wa nne alikuwa rafiki yangu.

Ukuta ninaousema si wa nyumba. Chumba cha kupanga nilikuwa nacho, kuta nne kama mtu yeyote. Nasema ule ukuta mweupe wa galari, wenye taa ndogo juu, picha moja inatundikwa peke yake na watu waliovaa vizuri wanakuja kusimama mbele yake mikono mgongoni, kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Nilitaka picha yangu isimamiwe hivyo. Moja tu. Shule niliachia darasa la sita, sikuwahi kutamani gari wala cheo, lakini hilo nililitamani mpaka likaniharibu tumbo.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, mimi na huyo rafiki yangu tulikuwa mafundi wawili wa vibao pale Dagoretti Corner, nyuma ya maduka, kwenye kibanda cha mabati kilichonuka tapentini. Ukitoka Adams Arcade ukapanda na Ngong Road, kinyozi, bucha, cherehani, kliniki, karibu kila kibao ulichosoma kilikuwa chetu. Kazi tuliigawa hivi: yeye alichora, mimi niliandika. Tuliegemeza hadibodi, ule ubao mwembamba wa kibao, tukashika kamba iliyopakwa chaki, yeye huku mimi kule, tukaivuta na kuiachia, pap! Laini inakaa theluthi moja kutoka chini. Juu ya laini ni kwake. Chini ya laini ni kwangu.

Kwa hiyo watu aliowachora hawakuwa na miguu. Mwanamke aliyesukwa nywele, daktari na mpira wake wa kupimia shingoni, mzee aliyenyolewa mpaka kichwa kinang'aa, wote walifika magotini wakakutana na laini yangu wakakoma. Hata mbuzi wa bucha hakuwa na kwato.

"Mbuzi wako amezama kwa matope," nilikuwa namwambia.

"Si matope. Amezama kwa Kiingereza yako."

Tulicheka. Nasema kweli, miaka ile tulicheka sana, na chai tulikunywa kikombe kimoja kwa zamu.

Mimi pia nilijua kuchora. Hilo hakuna aliyeuliza. Baba yangu alikuwa fundi viatu wa kando ya barabara, nami nilikua nimekaa chini karibu na sanduku lake la misumari, kwa hiyo watu niliwajua kuanzia chini. Mteja akitaka kiatu kishonwe papo hapo, baba alimpa kipande cha katoni akanyagie mguu uliobaki bila kiatu, soksi isichafuke. Unamwona mtu mzima, karani na tai yake, amesimama na kiatu kimoja, vidole vya mguu wa pili vimejikunja kwa aibu juu ya katoni. Vidole hivyo nilivichora kabla sijajua kuandika jina langu. Pale kibandani, kazi ikiisha, nilichukua vipande vya hadibodi vilivyobaki nikachora miguu kwa makaa. Rafiki yangu aliiona. Alisema, "Aisee, hii miguu inatembea." Alisema kwa mdomo wake mwenyewe, si mara moja.

Sasa mwenye bucha. Aliniita Uthiru niandike ukuta wake, maneno matupu, kwa hiyo nilikwenda peke yangu. Kufika saa sita nilikuwa nimemaliza. Akatoka nje na kisu mkononi, akautazama ukuta, akanitazama mimi.

"Fundi, hii nyekundu ni ya nyama ya juzi."

"Ni nyekundu ileile uliyochagua, mzee."

"Nataka nyekundu ya nyama ya leo. Rudia."

Nikarudia. Saa kumi ndipo nikaondoka kwake. Na saa nane, siku hiyohiyo, mama wa galari alikuwa amefika kibandani kwetu.

Aliyemleta ni mzee wa duka la rangi. Sina ubaya na duka lake; lilikuwa la baba yake na la babu yake, asubuhi linanukia udi, na yeye alijua kuchanganya rangi kuliko mtu yeyote mjini. Mama alikuwa amemwuliza ni nani huchora vibao vya Ngong Road. Mzee mwenyewe alinieleza alivyomjibu, tena kwa fahari, akidhani ametufanyia wema: "Mimi nasema, fundi yangu iko mbili. Moja nachora. Ile ingine naandika tu."

Ile "tu" nimeibeba mpaka leo.

Nilipofika kibandani rafiki yangu alikuwa ameketi juu ya debe, brashi hajaziosha, zinakauka.

"Mzungu alikuja," akasema.

"Anataka kibao?"

"Hapana. Anataka picha. Bila maneno."

"Bila maneno watu watajuaje kunauzwa nini?"

Hakucheka. Hapo ndipo nilipojua kuna kitu.

"Ulimwambia mimi pia nachora?"

Akaokota brashi moja, akaanza kuichambua nywele kwa kidole. "Aliuliza nani anachora. Nikasema mimi."

Ndiyo hivyo tu. Hakusema uongo. Lakini miguu inayotembea ilikuwa imeegemea ukuta, hatua mbili kutoka alipokaa, na hakunyoosha mkono kuionyesha.

Galari ilikuwa ghorofani, mtaa wa nyuma ya City Market. Rafiki yangu alipofanya maonyesho yake ya kwanza nilivaa koti nililoazima, nikapanda ngazi. Watu walikuwa wengi, Wahindi madaktari na mawakili na wake zao wenye sari, wazungu, Waafrika wa maofisini, bilauri za divai na karanga kwenye visahani. Rafiki yangu alikuwa katikati amekumbatia mikono yake mwenyewe kama mtu anayesikia baridi. Na ukutani walikuwa watu wetu. Kinyozi wetu, mwanamke wetu wa nywele, mbuzi wetu. Walikomea magotini kama siku zote, na chini yao, pale penye theluthi yangu, alikuwa amepaka rangi moja tupu, hapa nyekundu, pale buluu.

Mama wa galari akagonga bilauri. Alikuwa amekaa nchini miaka mingi, Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, na hilo pia lilinichoma.

"Tazameni watu hawa," akasema. "Wako mjini, lakini bado hawajapata pa kukanyaga."

Watu wakafanya mmm, wote pamoja, kama kanisani. Mwanamume mmoja karibu yangu alifuta miwani.

Mimi nilitazama ile rangi tupu. Pale ningeandika KINYOZI. Mkono wake ulifika kwenye laini ukasimama kwa mazoea, hakujua kilichoko chini, akapaka rangi akaondoka. Alichoshindwa ndicho walichokuwa wanakililia. Nilimeza karanga bila kutafuna.

Baada ya hapo nikawa na ugonjwa. Kila Jumamosi mchana nilifunga kazi nikashuka mjini kuzunguka mahali penye picha. Nilizijua zote. Kulikuwa na kituo cha utamaduni cha wageni ambapo unaingia bure ukiandika jina kwenye kitabu. Niliandika kwa herufi nzuri kuliko za mtu yeyote ukurasa ule. Kulikuwa na hoteli kubwa yenye picha kwenye kuta za mapokezi, bawabu akiniuliza, "Unatafuta nani?" nikawa nasema nimetumwa kupima kibao. Kulikuwa na nyumba moja upande wa Lavington yenye bustani, sanamu za mawe zimetawanywa kwenye majani kama mifugo, na mlinzi wake, mtu wa kwetu, akanizoea. "Umekuja tena kuhesabu ng'ombe za wenyewe?" aliniuliza kila nikifika.

Sikuwa naangalia picha kama watu wengine. Nilianzia chini. Nilikuwa nainama kuona mchoraji amefanya nini na miguu. Wengi walikuwa waoga: wameificha kwenye nyasi, kwenye vumbi, nyuma ya kikapu. Kisha nilitafuta nafasi iliyobaki ukutani, nikaipima kwa jicho, nikaona picha yangu ingekaa pale, juu kidogo ya swichi. Nilimchukia kila mwenye picha. Niliwachukia hata waliokufa zamani. Kijana mmoja wa chuo alikuwa na picha ya maembe, maembe tu, kwenye fremu ya dhahabu, na wiki nzima nilifanya kazi nikiyalaani maembe yale.

Mwishowe nikasema nijaribu. Nilichora picha tatu kwa miezi miwili, nikazifunga kwa gunia, nikazipeleka galari bila kumwambia rafiki yangu. Wakati huo alikuwa amehamia karibu na Adams Arcade na mkewe, kwenye nyumba yenye maji ndani, ingawa hadibodi zake nyingi aliziacha palepale kibandani na alikuwa akipitia kunisalimia.

Nilivyoharibu ni hivi. Mkono wangu haukuweza kuiacha theluthi ya chini. Picha ya kwanza ilikuwa baba na sindano yake. Nikapiga laini, nikaandika chini FUNDI VIATU, herufi nyekundu zenye kivuli cha njano. Ya pili, MAMA MBOGA. Ya tatu, KARIBU TENA. Nilikuwa nimeambiwa bila maneno, nilisikia kwa masikio yangu, lakini kwangu picha isiyo na maneno ilikuwa kama mtu anayeingia nyumbani kwa watu bila kubisha hodi. Na maneno yalipokaa, miguu haikupata pa kukaa. Nikawakata wote magotini. Mimi!

Mama akazipanga sakafuni, akazizunguka.

"Hivi ni vibao vizuri sana," akasema. "Lakini mimi sitafuti vibao. Rafiki yako anajua umekuja?"

"Hapana, madam."

"Pole. Yeye angekuambia."

Nilimwendea rafiki yangu jioni hiyohiyo. Alikuwa mlangoni ananyoa ndevu, kioo kimetundikwa kwenye msumari.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia siku ya kwanza. Bila maneno." Akageuka, nusu ya uso ina sabuni. "Ndugu yangu, kwa nini hukumpelekea ile miguu?"

Kama angenipiga ningevumilia. Kumbe aliikumbuka. Aliikumbuka miaka yote ile, na alikuwa ameiacha ikae.

Nikaenda nikachora moja nyingine. Hadibodi kubwa, hakuna kamba, hakuna chaki. Watu watano kwenye foleni ya baba, wamechorwa mpaka chini, na mbele yao mwanamke amesimama na kiatu kimoja, mguu mwingine juu ya katoni, vidole vimejikunja. Nilijua ni nzuri. Mtu hujua. Na kwa sababu nilijua, sikuthubutu kuipeleka. Yule mama angesema "pole" mara ya pili, ningekuwa nimekwisha. Nikaigeuza uso ukutani, nyuma ya hadibodi zote, na hapo ikakaa.

Yeye aliendelea kupanda. Picha zake zilisafirishwa ng'ambo kwa ndege, yeye mwenyewe akapanda ndege mara mbili. Alipokuwa na maonyesho alinialika, na mara moja alinishika bega mbele ya wageni akasema, "Huyu ndiye alinifundisha kupiga laini." Wote wakacheka wakidhani ni mzaha. Nilidhani ananidharau. Siku hizi sijui. Lakini nilishanuna, na kununa ukikuzoea kunakuwa kama koti.

Katikati ya miaka ya tisini alikufa. Kifua, walisema, watu wakanong'ona na mengine, kama walivyonong'ona juu ya wengi miaka ile. Mafundi wa vibao wa rika letu pale Corner wamekwisha, mmoja baada ya mwingine, nimebaki mimi. Matanga yalipoisha, mama wa galari alikuja kibandani pamoja na mjane. Walitaka kufanya maonyesho ya kumkumbuka na walikuwa wanatafuta picha alizoziacha.

"Hakuziandika jina," mama akaniambia. "Nyinyi wa vibao hamwandiki majina yenu. Ni wewe peke yako unayejua mkono wa nani ni upi."

Ilikuwa kweli. Tulizitoa hadibodi moja moja kwenye mwanga wa mlango, nami nikasema. Yake. Yake. Hii ni majaribio ya herufi zangu, weka kando. Yake. Mjane alikuwa anazifuta vumbi kwa leso. Kisha mama akaingiza mkono nyuma kabisa, akaivuta ile iliyogeuzwa, akaigeuza.

Akaisogeza mlangoni kwenye mwanga.

"Na hii?"

Nitasema nilichokiwaza. Niliwaza: nikisema yangu, ataikumbuka FUNDI VIATU na KARIBU TENA, atasema pole, ataiegemeza pale kwenye majaribio ya herufi. Nikisema yake, itapata ukuta.

"Yake," nikasema.

Mjane alinitazama, leso mkononi. Kisha akainama akaendelea kufuta vumbi.

Siku moja kabla ya ufunguzi nilikwenda kusaidia kutundika. Hiyo yangu mama aliiweka peke yake, ukuta unaotazama mlango, taa juu. Kila picha ilikuwa na kadi chini yake yenye jina la marehemu, imechapwa kwa mashine. Herufi zilikuwa mbaya, zimesongamana upande huu, zimeachana upande ule. Sikuvumilia.

"Madam, hizi kadi zinamtia aibu. Nipe brashi ndogo na rangi nyeusi, niandike kwa mkono."

Alifurahi. Nikakaa sakafuni nikaandika jina lake, kadi baada ya kadi, na kila kadi nilipiga laini kwanza. Mjane alikuwa anazipokea zikikauka, anazibandika. Nilipofika ya mwisho, ya picha yangu, brashi ilisimama. Mjane akachuchumaa karibu yangu.

"Shemeji," akasema polepole, "mume wangu hakujua kuchora miguu. Watoto wakimwomba awachoree mtu, anamkatia magotini, anasema huyu amesimama nyuma ya ukuta."

"Mbona hukusema siku ile?"

"Mbona wewe hukusema?" Akaichukua kadi tupu, akaishika mbele yangu. "Niende nimwambie sasa? Mama yuko pale ofisini. Sema tu."

Mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Nilimwona mama kutoka kisogoni, anaandika hotuba yake. Nikatazama ukuta. Yule mwanamke wa katoni alikuwa amesimama chini ya taa kana kwamba alizaliwa pale. Nikimwita mama, angeweza kusema "hongera." Angeweza pia kuinua mikono, kuitoa msumarini kwa upole, na msumari ukabaki.

"Nipe kadi," nikasema.

Nikapiga laini. Nikaandika jina lake. Ndizo herufi bora nilizowahi kuandika, na zilikuwa jina la mtu mwingine.

Siku ya ufunguzi walisimama mbele yake mikono mgongoni, safu mbili. Mama akasema kwamba mwishoni mwa maisha yake marehemu alishuka, akapata pa kukanyaga, na hii hapa ndiyo miguu yake. Watu walilia. Mzee wa duka la rangi alikuwepo, naye akalia. Mimi nilisimama karibu na swichi, nikamwonea wivu marehemu kwa kazi ya mikono yangu mwenyewe. Yuko kaburini, hana anachojua, na bado wanampa yeye.

Mwanamke mmoja mwenye miwani akainama mpaka kwenye kadi. "Na jina hili ameliandika nani? Ni maridadi sana."

Mama akanielekeza kwa mkono. Safu mbili zote zikageuka kunitazama.

"Una mkono mzuri," akasema yule mwanamke. "Hujawahi kujaribu kuchora?"

Nyuma yangu nilisikia mjane akivuta pumzi. Ukumbi wote ulikuwa unaningoja.

"Hapana, mama," nikasema. "Mimi naandika tu."

Wakatabasamu, wakageukia picha tena, na mjane akapita kati yao akatoka nje kwenye ngazi, nikasikia anacheka huko, kicheko kirefu cha mtu aliyefiwa.